Diski kwa magurudumu ya nyuma: Je, pikapu yako inazihitaji?

Kuna swali ambalo wenye pikapu, na hasa vijana wao walio vyuoni, hawachoki kuliuliza. Je, ni busara kuondoa breki za dramu kwenye magurudumu ya nyuma na kuweka za diski mahali pake? Aghalabu muulizaji huwa amekwisha kupewa jawabu na muuza spea wa Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wakazi wengi wa Nairobi wangali wanaiita Grogan. Ameambiwa kwamba diski ni za kisasa, dramu ni za kale, na kwamba mzazi anayewapenda watoto wake hana haja ya kufikiri mara mbili.

Maneno hayo si uongo mtupu. Yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli, na katika mambo ya breki nusu ya ukweli yaweza kukulaza mtaroni. Kwa hivyo juma hili tulitazame jambo hili polepole kabla hujafungua pochi. Nitazungumzia pikapu za kawaida ambazo breki zake husukumwa kwa mafuta, mathalani Toyota Hilux, kwa kuwa ni nyingi katika barabara zetu na ndizo zinazobeba kabeji Jumatatu na familia Jumapili. Malori makubwa yanayotumia breki za upepo ni habari nyingine kabisa.

Tuanze na vyombo vyenyewe. Dramu ni mfano wa sufuria nzito ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo, ambavyo mafundi huviita shuu. Ukikanyaga pedeli, mafuta ya breki huingia katika silinda ndogo iliyo ndani ya gurudumu, nayo huzitanua shuu zijibane kwenye ukuta wa ndani wa sufuria hiyo. Diski nayo ni sahani ya chuma iliyo wazi. Juu yake hupandishwa kalipa, na ndani ya kalipa mna pedi mbili ambazo huibana sahani kutoka pande zote mbili, kama vile uishikavyo chapati ya moto kwa vidole viwili.

Ni ipi iliyo ya kale? Hapa ndipo muuza spea anapoanza kuteleza. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili uvumbuzi wake wa breki ya diski mwaka wa 1902, na ni mwaka uo huo ambapo Mfaransa Louis Renault alijulikana kwa breki ya dramu ya namna tunayoifahamu. Ni ndugu wa rika moja! Ila diski ilikaa miaka mingi bila kupata soko, hadi Jaguar ilipozitumia kushinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, kule Ufaransa, mwaka wa 1953. Madereva wa Jaguar waliweza kuchelewa kukanyaga breki kuliko wapinzani wao, mzunguko baada ya mzunguko, usiku na mchana, bila breki kuchoka. Mnamo 1955 Citroën ikatoa gari lake la DS likiwa na diski mbele. Tangu hapo diski zikaenea, kwanza kwa magurudumu ya mbele, na kwa pikapu nyingi zikaishia hapo hapo. Hata Hilux ya kizazi cha nane, iliyozinduliwa mwaka wa 2015, ilikuja na diski mbele na dramu nyuma katika aina zake nyingi.

Je, wahandisi wa Japani hawakujua kwamba diski zipo? Walijua sana. Walikuwa na sababu zao, nasi tutazifikia.

JOTO

Watu husema kazi ya breki ni kusimamisha gari. Fundi hasa atakuambia kwamba kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitupa joto hilo hewani. Mwanafunzi wa fizikia na achukue kalamu. Pikapu yenye uzani wa kilo 2,500 pamoja na mzigo, ikienda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, ina nishati ya takriban kilojuli 617. Ikisimama, karibu nishati hiyo yote huwa joto ndani ya vyuma vya breki. Ni joto la kutosha kuchemsha lita 2, hivi, za maji ya bomba. Na kumbuka kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Anayeendesha kwa kilomita 80 anaziuliza breki zake kazi mara nne ya yule wa kilomita 40.

Hapo ni kusimama mara moja tu. Mteremko ni balaa zaidi. Kwa kila mita 100 za kimo ambazo pikapu hiyo inashuka, breki zikiachiwa kazi yote peke yake zitameza joto la kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji. Sasa wewe unayeteremka Mai Mahiu, au kutoka Iten kuingia Bonde la Kerio, fanya hesabu mwenyewe. Ndiyo maana wazee wa usukani hushuka kwa gia ile ile ambayo wangepandia, ili injini ibebe sehemu kubwa ya mzigo huo. Wale wanaotoa gia ili kuokoa mafuta, mchezo uliojulikana sana kwa malori kwenye mteremko wa Salgaa, huziachia breki kazi ambayo haikuundiwa dramu wala diski.

Joto likizidi, dramu na diski huonyesha tabia tofauti. Chuma kikipata moto hutanuka. Sufuria ikitanuka, ukuta wake huzikimbia shuu, na dereva huona mguu wake ukizama zaidi kuliko ilivyokuwa kilele cha mlima. Sahani ikitanuka huwa nene kidogo, kwa hivyo badala ya kuzikimbia pedi huzisogelea. Tena sahani iko wazi ikipulizwa na upepo, ilhali dramu huhifadhi joto lake ndani kama chungu kilichofunikwa.

Maji na matope nayo yana hesabu yake. Ukivuka kijito kilichofurika, dramu hutoka na maji tumboni, na mikanyago ya kwanza huwa haishiki vizuri, au hushika gurudumu moja na kuliacha jingine. Matope laini ya msimu wa masika huingia humo na kukaa, yakisaga shuu na dramu kama jiwe la kusagia. Diski huyarusha maji pembeni mara tu inapozunguka.

Basi kwa joto na kwa maji, diski ndiyo mshindi, na sitaki kumnyima haki yake. Mtu anayeshuka bonde kila siku akiwa na tani moja ya viazi, au anayevuka mito kila msimu wa mvua, ana sababu nzuri ya kuuliza swali hili. Lakini sivyo alivyoahidiwa mwenye pikapu kule Grogan. Yeye aliahidiwa kwamba gari litasimama mapema.

KUSIMAMA

Iwapo breki ulizo nazo ni nzima, na unapozikanyaga kwa nguvu zote zinaweza kufunga magurudumu, basi mpaka wako si breki tena bali ni tairi. Kwenye lami kavu na kwa matairi mazuri, pikapu iliyo katika kasi ya kilomita 80 itahitaji kama mita 35 kusimama tangu breki zishike. Ukiweka diski nyuma, tairi ni zile zile na lami ni ile ile. Isitoshe, gari linaposimama kwa ghafla uzito wote huinamia mbele, ndiyo sababu pua huzama na mkia huinuka. Kwa pikapu isiyo na mzigo, magurudumu ya nyuma hufanya theluthi moja ya kazi ya kusimamisha, au hata chini ya hapo. Unabadilisha sehemu ndogo ya kazi na kutarajia muujiza.

Katika kasi hiyo hiyo ya kilomita 80, sekunde moja ni mita 22. Dereva anayechungulia simu kwa sekunde moja amezipoteza mita hizo kabla hajagusa pedeli, na hakuna diski duniani itakayomrudishia.

Sasa zile sababu za Wajapani. Dramu ina kipawa ambacho diski haina. Gurudumu linapozunguka, shuu ya mbele huburutwa na dramu yenyewe na kujikaza zaidi, kana kwamba breki inajisaidia. Kwa hivyo dramu hushika kwa nguvu kwa msukumo mdogo wa mafuta. Diski haijisaidii hata kidogo, hutoa kile tu ambacho mguu na busta vimetia. Dramu pia ni rahisi kutengeneza, shuu zake hudumu muda mrefu, na zaidi ya yote hushikilia vizuri sana breki ya mkono. Kwa gari la kubeba mizigo, hizo si sababu za kubeza.

Tena hapa ndipo hatari ya kubadilisha ilipo. Ukitoa kitu kinachojisaidia na kuweka kisichojisaidia, kila kilichopangwa nyuma yake kimevurugika.

MIZANI

Tazama chini ya pikapu yako, karibu na ekseli ya nyuma. Katika nyingi utaona ufito wa chuma unaounganisha ekseli na vali ndogo iliyofungwa kwenye chesisi. Huo ufito ndio mzani wa gari. Gari likiwa tupu, chesisi huwa juu na vali huyabana mafuta yanayokwenda nyuma, ili magurudumu mepesi yasifungike. Ukipakia magunia, chesisi hushuka, ufito hupinda vali, na breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Ni ujuzi mkubwa katika kitu kidogo, na inasikitisha kwamba kwa pikapu kadhaa nilizozichungulia ufito huo umefungwa kwa waya au umeng'olewa kabisa kwa sababu "ulikuwa unapiga kelele".

Vali hiyo ilipimiwa dramu. Ukiweka diski, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Ama nyuma hupata nguvu kidogo mno, na mbele huchoka mapema kuliko zamani, hivyo umetumia pesa nyingi ili uwe na breki hafifu zaidi. Au fundi, kwa kutaka kukufurahisha, huitoa vali ili nyuma pashike sawasawa. Siku ya kujaribu akiwa amepakia mawe, mambo huwa mazuri. Kisha jioni unarudi nyumbani na gari tupu, mvua imenyesha, mtoto anakimbia barabarani, unakanyaga. Magurudumu ya mbele yakifungika kwanza, gari huendelea mbele likiteleza. Yakifungika ya nyuma kwanza, mkia hutaka kutangulia kichwa, na kabla hujajua unatazama ulikotoka. Huo ndio msiba ambao mbadiliko mbaya huuleta, na hauji siku ya majaribio.

Pikapu zilizo na ABS zina ugumu wa ziada. Kompyuta yake hutoa na kurudisha mafuta kwenye gurudumu kwa mahesabu yaliyopimiwa breki zilizotoka kiwandani. Ukizibadilisha hujaiambia chochote. Itaendelea kuhesabu dramu zisizokuwepo. Kwa gari la namna hiyo, ushauri wangu ni kuacha kabisa, isipokuwa kama unaweza kupata vifaa vilivyotengenezwa makusudi kwa ajili ya modeli yako na mtu aliyewahi kuvipima.

Tatizo la pili ni la ujazo. Tuseme pistoni ya silinda ya dramu ina upana wa milimita 20 na ile ya kalipa ni milimita 40. Mwanafunzi aliyesikiliza hesabu za duara anajua kwamba eneo si mara mbili bali ni mara nne. Ili pistoni hiyo isogee milimita moja, masta silinda lazima itoe mafuta mara nne. Ikiwa masta silinda ni ile ya zamani, pedeli yaweza kwenda chini sana kabla ya kushika. Wengine hapo huanza kutoa hewa mara kumi wakidhani ndiyo shida, na mafuta yanamwagika bure. Shida ni masta silinda ndogo. Katika magari mengi ya zamani mna pia kijivali kinachobakiza msukumo kidogo kwenye laini ya dramu ili shuu zisirudi mbali. Kikiachwa, pedi za diski haziachii kamwe. Utanusa harufu ya kuungua kabla ya kufika Limuru.

Nataka nikae zaidi juu ya breki ya mkono, maana ndiyo inayosahauliwa na ndiyo inayoua kimya kimya. Kwa kawaida kebo ya breki ya mkono huvuta shuu za dramu za nyuma. Ukiondoa dramu, kebo haina cha kuvuta. Nimeona pikapu zilizobadilishwa ambazo mwenyewe huegesha kwa kutia gia ya kwanza na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, naye hujigamba kwamba gari lake lina "diski nne". Gari hilo huegeshwa kwenye kiambaza cha nyumba, na nyuma yake ndipo watoto wa ploti hucheza bano. Siku ambayo mtu mwingine ataliegesha, mgeni asiyejua habari ya jiwe, sitaki kuisimulia.

Kuna njia mbili za halali. Moja ni kalipa ambayo ndani yake mna mtambo wa breki ya mkono. Utaitambua kwa mkono mdogo wa chuma ulio nyuma yake, mahali pa kushikia kebo. Fundi ajue kwamba pistoni ya kalipa nyingi za aina hiyo hairudishwi kwa kusukumwa kwa nguvu. Huzungushwa kama skrubu, na anayeisukuma kwa jeki huivunja mtambo wake. Njia ya pili, ambayo mimi naipendelea kwa gari la mizigo, ni diski yenye kidramu kidogo katikati yake. Diski husimamisha gari linapokwenda, na shuu ndogo ndani ya kidramu hushikilia gari linapoegeshwa. Ndivyo walivyofanya watengenezaji wa magari mengi makubwa ya familia yenye diski nyuma. Ona kwamba hata hao, baada ya kuhamia diski, hawakuweza kuachana na dramu kabisa!

KAZI YENYEWE

Iwapo umekwisha kupima hayo yote na bado unaona una haja, kuna namna mbili za kuifanya kazi. Ya kwanza ni kutafuta ekseli nzima iliyotoka kiwandani na diski zake, kalipa zake na breki yake ya mkono, kutoka kwa gari la jamaa moja na lako. Faida ni kwamba vipande vyote vimezoeana. Lakini pima upana wa ekseli, pima mashimo ya bolti za rimu, na tazama springi. Ekseli iliyotoka kwa gari la springi za koili haiwezi kukaa juu ya springi za majani mpaka vikalio vyake vikatwe na vingine vichomelewe, na joto la kuchomelea laweza kuipinda ekseli iwapo mchomeleaji ana haraka.

Kwa pikapu inayovuta magurudumu manne pana mtego mwingine. Difu ya nyuma na ya mbele lazima ziwe na uwiano mmoja. Hesabu meno: crown ya meno 41 na pinion ya meno 10 ni 4.1, na ya 43 kwa 10 ni 4.3. Ukichanganya hizo mbili, siku utakapotia fowili kwenye lami kavu, mbele na nyuma vitavutana mpaka kimoja kivunjike.

Namna ya pili ni kubaki na ekseli yako na kufunga diski na kalipa kwa kutumia kishikizo kilichokatwa kwa bamba la chuma. Ni rahisi zaidi kwa maneno kuliko kwa vitendo. Kwa Hilux, bamba linalobeba shuu limefungwa pamoja na beringi ya ekseli, na haliwezi kutoka mpaka ekseli ivutwe nje na beringi ishindiliwe itoke kwa mashine. Weka beringi mpya na sili mpya, maana sili ya zamani ikivuja oili ya difu itafika kwenye pedi. Kishikizo nacho kiwe bamba nene lililokatwa kwa mashine na kukaa sambamba na diski. Kikiwa kimepinda kidogo tu, pedi zitalika upande mmoja. Kikivunjika, kalipa itazunguka na gurudumu, ikate mpira wa mafuta, na ijikwamishe ndani ya rimu. Hapo umepoteza breki na usukani kwa pamoja. Hakikisha pia kwamba rimu ina nafasi. Rimu za inchi 14 mara nyingi huigonga kalipa, na mwenye gari hujikuta akinunua rimu na tairi ambazo hazikuwa katika bajeti.

Mafuta ya breki yabadilishwe yote. DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishanywa maji kutoka hewani kiwango chake chaweza kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama puto. Pedeli huzama mpaka sakafuni. Kopo lililofunguliwa mwaka jana na kukaa kwenye rafu la jikoni si la kutiwa ndani ya gari linalobeba watu.

Mwenye kusoma mpaka hapa atakuwa ameona ninakoelekea. Kwa familia nyingi za mjini, ambazo pikapu yake hupita Thika Road asubuhi na kurudi jioni, na mara mbili kwa mwaka hupeleka mahindi nyumbani, pesa hizo zina mahali pazuri zaidi. Dramu nyingi zinazolaumiwa hazina kosa ila zimeachwa. Zifunguliwe. Dramu iliyolika ikaacha ukingo ipimwe, na kipimo cha mwisho aghalabu kimeandikwa juu yake yenyewe. Silinda inayovuja ibadilishwe pande zote mbili. Kirekebishi cha shuu kilichoshikwa na kutu kisafishwe, maana kisipozunguka shuu hukaa mbali na dramu na mguu huzama hata kama kila kitu ni kipya. Rudisheni ule ufito wa vali mahali pake. Kisha nunua pedi nzuri za mbele na mafuta mapya. Nimejua magari yaliyokuwa yamekwisha kuhukumiwa kuwekwa diski ambayo baada ya kazi hiyo ya siku moja mwenyewe hakulitaja tena neno diski.

Kwa vijana mnaojifunza kazi gereji: vumbi lililo ndani ya dramu msilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu za miaka ya zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo huleta maradhi ya mapafu na saratani miaka mingi baadaye, nawe huwezi kujua kwa kutazama kama hizo ulizonazo ni za aina hiyo. Lowesha kwa maji, pangusa kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe ndani ya mfuko na kitupwe.

Na aliyekwisha kubadilisha, au atakayebadilisha licha ya hayo niliyoyasema, asiliingize gari barabarani siku hiyo hiyo. Kwanza breki ya mkono: tafuta mwinuko, pakia mzigo wako wa kawaida, vuta, toa gia, huku mtu amesimama pembeni, si nyuma, na gogo mkononi. Geuza gari na ujaribu ukiwa umeelekea chini. Kisha mahali pawazi pasipo na watu wala magari, likiwa tupu, kanyaga kwa ghafla katika kasi ya kilomita 30, halafu 40, na mtu atazame kutoka kando ni magurudumu yapi yanayofungika kwanza. Yakiwa ya nyuma, gari hilo halijaisha kutengenezwa, hata kama fundi amekwisha kunawa mikono. Pedi mpya nazo zahitaji kuzoeshwa kwa kupunguza mwendo mara kadhaa polepole, ukiziacha zipoe katikati. Likipita hapo, lipelekwe likakaguliwe na wakaguzi wa magari, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kwamba breki zimebadilishwa. Siku ya ajali, bima hutafuta sababu ya kutolipa, na breki zisizofanana na za kiwandani ni sababu nono.

Dramu za zamani, silinda zake, kebo na mabamba yake usimwachie fundi auze kama vyuma chakavu. Zipake grisi, zifunge kwenye gunia na uzitundike stoo mpaka msimu mmoja wa mvua na safari moja ya mteremko zipite.